Mnara wa Mashujaa na Sala kwa Wafu

Maji ya mto Kagera huingia Ziwa Nyanza, hutoka huko kwa mto Nili, kisha hufika Ziwa Albert, ambamo wavuvi wa Kasenyi hutupa nyavu zao. Kwa hiyo habari ya mto ule si ngeni kwa watu wa Bunia.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania, yakashika nchi hata ukingo wa Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Askari wa Tanzania walipaswa kuvuka mto ili kuikomboa nchi yao, na vita viliendelea hata mwaka 1979. Wengi hawakurudi kwao. Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi yao pamoja na mnara wa ukumbusho. Na kila tarehe 25 Julai Tanzania huwakumbuka mashujaa wake.

Desturi hiyo ni njema. Lakini mnara huwasifu wafu tu, hauwezi kuwasaidia. Tena husimama kwa ajili ya upande mmoja. Askari wa Uganda aliyekufa vitani naye alikuwa na mama aliyemlilia, naye ana roho isiyokufa.

Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, chasimulia jinsi Yuda Makabayo alivyokwenda kuwazika askari wake. Chini ya nguo za kila maiti zilionekana hirizi za miungu ya uongo, zilizokatazwa na sheria. Je, Yuda aliwaacha? Hasha! Alichanga vipande 2,000 vya fedha, akavipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi yao, kwa maana alitumaini ufufuko.

Ndivyo Kanisa linavyofundisha: roho za toharani husaidiwa kwa sala, na hasa kwa Sadaka ya Misa. Nani ameokoka, Mungu peke yake ajua. Kwa hiyo Mkristu hathubutu kumhukumu marehemu yeyote kwamba hastahili kuombewa.

Fundisho hilo ni zito katika Ituri. Tangu vita vilivyoanza mwaka 1999, Wahema na Walendu wengi wamezikwa pasipo mnara wala jina. Mkatekumeni humwombea ndugu yake kwa machozi. Lakini akiambiwa amwombee na yule aliyemwua, aliyekufa na hirizi shingoni, ulimi wake hushindwa. Hata hivyo Bwana Yesu, akiwa msalabani, aliwaombea waliomsulibisha. Na abatizwaye hujiunga na msalaba huo. Asiyeweza sala ndefu na aseme tu: Bwana, umhurumie yeye pia. Sala hiyo haidai fedha wala jiwe, na mkatekumeni aweza kuianza leo, kabla hajafika kwenye maji ya Ubatizo.

Swali: Mkristu huwaombea wafu gani?
Jibu: Huwaombea wote, wapenzi wake na adui zake, kwani Kristu alikufa kwa ajili ya wote.