Je, Maiti Usiyewahi Kumwona Ana Haki Juu Yako?

 

Ndugu msomaji, katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupitia Magara na Rumonge hadi Nyanza-Lac, na ng'ambo hadi Uvira na Kigoma, wapo vijana wengi wanaopenda magari. Si wote wenye magari. Wengine ni mafundi wa gereji za Buyenzi, wengine madereva wa Probox, wengine wanafunzi kama sisi ambao hata baiskeli hatuna. Tunajuana kwa simu, kwa sauti na picha za injini. Mwaka huu mmoja wetu, mkazi wa Ujiji, amefariki baada ya kuugua. Kwa miaka mitatu tulimwita kwa jina la gari lake, Carina. Wengi wetu tulilijua jina alilopewa na wazazi wake siku yalipotangazwa maziko yake.

Mzee mmoja wa hapa Rumonge aliposikia kwamba nina msiba aliniuliza, "Mwanangu, unamlilia nani? Hukula naye, hukuswali naye safu moja, hata jina lake umelijua leo." Swali hilo ni la haki na halistahili kujibiwa kwa hasira. Vijana wengi wa zama zetu watakutana nalo, kwa sababu wengi wetu tuna marafiki ambao hatujawahi kushikana nao mkono.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa: haki na huzuni. Haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, kama kumjibu salamu, kumzuru akiugua na kulisindikiza jeneza lake, hazikuwekewa sharti la kufahamiana. Ukipita njiani ukakuta jeneza la mgeni, dua yako anaistahiki. Kwa hiyo ndugu yetu wa Ujiji ana haki ya dua hata kama tusingewahi kumsikia. Mzee hakuuliza juu ya hilo. Aliuliza juu ya machozi: je, unaweza kumhuzunikia kwa kweli mtu usiyemjua? Au unaiga tu huzuni ya wenye msiba?

Hoja ya mzee ina mzizi katika mapokeo yetu. Imepokewa kwamba mtu mmoja alidai mbele ya Umar bin Khattab (R.A.) kuwa anamjua fulani. Umar akamuuliza mambo matatu: umekuwa jirani yake, ukaona kuingia na kutoka kwake? Umesafiri naye? Umefanya naye muamala wa mali? Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia kwamba basi hamjui. Kipimo hicho ni kikali. Tukijipima nacho, sisi na Carina hatukuwa majirani, wala hatukusafiri pamoja.

Lakini swali la tatu linabaki, nalo tunaweza kulijibu. Muamala tulifanya naye. Alikuwa akituma vipuri kutoka Kigoma kabla ya kulipwa, kwa neno la mtu tu. Fundi wa Rumonge akitaka wotapampu, inafika, na fedha anampelekea baada ya wiki mbili. Mtu akitaka kuuza gari lililorudishwa nyuma kilomita zake kwenye dashibodi, yeye ndiye aliyekuwa akisema wazi kwamba huo ni ulaghai, na kwamba aibu ya bidhaa lazima mnunuzi aambiwe. Mara moja alipoteza mauzo ya gari lake mwenyewe kwa sababu alimtajia mnunuzi ufa wa sampo ambao mnunuzi hakuuona. Hatukujua anavyokula wala anavyocheka na watoto wake. Tulijua amana yake. Kumjua mtu kwa sehemu si sawa na kutomjua, maadamu ile sehemu ni ya kweli.

Na hapa magari yenyewe yanatufundisha jambo. Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa na usukani wa kulia. Kwenye RN3, dereva wa gari kama hilo akiwa nyuma ya lori la mawese haoni mbele. Anamtegemea abiria aliyekaa kushoto achungulie na kumwambia, "Pita." Mara nyingi abiria huyo hamjui, amempakia kituoni robo saa iliyopita. Hata hivyo roho za watu wote waliomo ndani ya gari zinaegemea kauli yake. Uaminifu wa kauli, basi, si jambo dogo linalosubiri urafiki uje uutie thamani. Kwetu ni jambo la uhai na mauti. Carina alikuwa kauli ya namna hiyo. Alipotuambia gari fulani lina breki mbovu, hatukuliendesha.

Wapo watakaosema kuwa magari ni mapambo ya dunia, na huzuni iliyojengwa juu ya mchezo nayo ni mchezo. Ningekubali kama tungekuwa tunalilia gari. Lakini kilichowakutanisha watu sicho lazima kiwe ndicho kinachowafunga. Wavuvi hukutanishwa na dagaa na mukeke, wanafunzi hukutanishwa na mtihani, na hakuna anayesema udugu wao ni wa samaki au wa karatasi.

Tuna mifano miwili mikubwa zaidi. Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwapa masahaba habari ya kufariki Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akawapanga safu na kumswalia akiwa Madina. Macho yake hayakuwahi kukutana na ya Najashi. Alimjua kwa matendo: aliwapa hifadhi Waislamu waliokimbia mateso ya Makka, naye hakuwasaliti. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kumswalia maiti aliye mbali. Mashafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea mwambao wa Afrika Mashariki, wanairuhusu swala hiyo, na Mahanafi na Mamaliki hawairuhusu. Hitilafu hiyo inahusu hukumu ya swala. Haiondoi funzo kwamba mtu wa mbali huweza kuwa na uzito moyoni kwa wema wake.

Mfano wa pili ni wa yule mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume, ambaye mapokeo mengi yanasema alikuwa mwanamke. Alipofariki usiku, watu waliliona jambo lake kuwa dogo, wakamzika bila ya kumwarifu Mtume. Alipomkosa akauliza, kisha akaenda kaburini kwake kumswalia. Wapokezi wengi hawakulihifadhi jina lake, bali walihifadhi kazi yake. Basi si ajabu sisi kumjua mtu kwa kazi yake kabla ya jina lake. Tunapomuombea, Mola anamjua tunayemkusudia.

Je, asiyekuwa Muislamu? Swali hili linatuhusu, maana katika kundi letu wamo Wakristo wengi. Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alipofariki London mwaka 2013 alihuzunikiwa na Wakenya wa kila dini, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona ila akipita ndani ya vumbi. Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa marehemu ni Myahudi, alikumbusha kwamba naye ni nafsi. Swala ya jeneza ina mipaka yake, lakini kuheshimu mauti, kutoa pole na kukiri wema wa mtu hakukufungwa kwa mipaka hiyo.

Basi huzuni yetu ni halali. Linabaki swali la kipimo chake, na hapa ndipo vijana wengi tunapoteleza. Sheria imeweka siku tatu za kukaa matanga kwa jamaa, na miezi minne na siku kumi kwa mjane. Anayemjua maiti kwa sehemu ahuzunike kwa sehemu. Asijitangaze kuwa ndiye mwenye msiba, wala asieneze picha za marehemu ili apewe pole nyingi kuliko mama mzazi.

Wenzetu wa Bujumbura walipendekeza msafara wa magari kushuka RN3 hadi Rumonge, honi zikilia, kwa kumbukumbu yake. Niliwaelewa, kwani mpenzi wa gari hulia kwa gari. Lakini tuitazame hali yetu. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imekuwa ikipata uhaba wa esanse mara kwa mara, na madereva wamelala kwenye foleni za vituo. Adabu ya jeneza ni utulivu na mazingatio. Kuunguza lita za mafuta kwa makelele, huku maiti pengine akiwa na deni, ni kumfanyia marehemu jambo linalotufurahisha sisi na lisilomfaa yeye.

Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza aliuliza kama marehemu ana deni. Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni la dinari mbili la mmoja wao, ndipo akamswalia. Sahaba yule alionyesha msiba unaotenda. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu lilikuwa hili: fedha za esanse zikusanywe, aulizwe kaka yake marehemu juu ya madeni, na kila mmoja wetu aliyechukua kipuri bila kulipa alipe sasa, kwa warithi. Deni la marehemu kwetu tunaweza kulisamehe. Deni letu kwake hatuna wa kutusamehe ila warithi wake, na mayatima hawasameheshwi kirahisi.

Tumefundishwa pia kwamba mwanadamu akifa, miongoni mwa yasiyokatika ni elimu yenye manufaa. Kila fundi anayemwambia mnunuzi aibu ya gari kwa sababu aliisikia nasaha hiyo kwake, tunataraji kwamba anamletea marehemu fungu huko aliko. Na kila anayerudisha nyuma kilomita, hata akiandika maneno mazuri ya rambirambi, amemsahau.

Ewe Mola, msamehe ndugu yetu, ipanue sehemu yake ya kaburini, wape subira mama yake, mjane wake na watoto wake, na utujaalie tuwe wakweli katika miamala yetu kama alivyokuwa. Amin.