Ni Nani Aliyeizamisha?

Kando ya gati la Mkoani, kusini magharibi ya kisiwa cha Pemba, pana ufuko mdogo wa mchanga. Mtu akaaye hapo aona mambo mawili kwa pamoja: watoto wachezao majini, na abiria washukao melini na vikapu vyao. Ni mahali pa raha. Walakini kwa mwenye kufikiri ni mahali pa swali pia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander I ilikuwa safarini toka Unguja kuja Pemba, imepakia watu na mizigo kupita sana kiasi chake. Ikazama katika mkondo wa Nungwi. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Twauliza: ni nani mkosaji? Wengi watajibu upesi: nahodha na mwenye chombo. Ni kweli, mwenye amri ndiye mwenye hesabu kubwa. Lakini chombo hakijai kwa mara moja, hujaa kwa mmoja mmoja. Yuko auzaye tikiti ya ziada, yuko ahesabuye vibaya makusudi, yuko aonaye akageuza uso. Kila mmoja asema moyoni, "Huyu mmoja hazidishi kitu." Haba na haba hujaza kibaba, nasi twaisifu methali hiyo tuwekapo akiba. Twasahau kwamba kibaba cha maovu nacho hujazwa vivyo hivyo.

Je, abiria naye ana hatia? Tusiwe wepesi kumhukumu. Mwenye mgonjwa ng'ambo hana njia nyingine, na hatia ya mtu hupimwa kwa uwezo wake wa kukataa. Usiku ule baadhi ya watu waliona meli imejaa, wakakataa kupanda. Walifanya vema, wakaokoka. Meli ikaondoka vile vile. Maana yake ni wazi: kukataa kwa abiria huokoa mmoja, kukataa kwa mwenye daftari, au kwa afunguaye kamba, huokoa wote.

Basi, msomaji mpenzi, si wote tulio manahodha, lakini wengi wetu tumeshika daftari fulani, mzani fulani, ufunguo fulani. Siku utakapoombwa kupitisha "mmoja tu", usijiulize kama huyo mmoja ataizamisha meli. Jiulize ni wangapi wameombwa hivyo kabla yako, wakakubali.