Dalili Inayotangulia Maradhi

Swali la kama binadamu anaruhusiwa kuyajua maradhi yake kabla hayajamfika ni la kale kuliko maabara, na katika Unyamwezi lilikuwa na jibu lake muda mrefu kabla wasafiri Waingereza Burton na Speke hawajafika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Jibu hilo lilikuwa mikononi mwa mfumu, yaani mganga na mwaguzi kwa pamoja, ambaye alimpasua kuku na kusoma alama katika nyama na matumbo yake, kisha akamweleza mhusika kilichokuwa kinamsubiri. Hakuna aliyeona ajabu kuuliza. Ajabu ingekuwa kuondoka na jibu bila kuambiwa la kufanya. Leo swali hilohilo limerudi kupitia kwa watafiti wa ubongo, ambao wanatafuta ndani ya damu ishara za ugonjwa wa Parkinson miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Ugonjwa huo, uliopewa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za sehemu moja ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo bila yake misuli haipokei amri za mwendo kwa mpangilio. Mgonjwa hutetemeka mkono ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika na uso hupoteza uchangamfu wake. Lakini mambo hayo yanapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kufa. Mwaka 1912 Friedrich Lewy alieleza vidonge vya ajabu ndani ya seli za wagonjwa, na mwaka 1997 ikathibitika kwamba vidonge hivyo vimejaa protini iitwayo alfa-sinuklini, ambayo imejikunja vibaya na kugandamana. Kwa hiyo daktari anayeutambua ugonjwa kwa macho huwa amechelewa, hata awe hodari kiasi gani, na kuchelewa huko ndiko kulikozaa utafutaji wa viashiria vya kibayolojia, yaani vitu vinavyopimika mwilini ambavyo kiwango au umbo lake hufichua hali ambayo jicho bado halijaiona.

Kipimo cha majimaji ya uti wa mgongo kimekwisha kuonyesha uwezo mkubwa wa kuinasa alfa-sinuklini iliyoharibika, ila kinahitaji sindano mgongoni na mtaalamu wa kuichoma. Damu ni rahisi kuchukua, lakini ni ngumu kusoma, kwa sababu karibu alfa-sinuklini yote iliyomo ndani yake imo katika chembe nyekundu, na chembe chache zikipasuka wakati wa kuchukua sampuli, matokeo huvurugika. Ndiyo maana watafiti wengine wameiacha protini hiyo na kutazama kundi la protini nyingine. Mwaka 2024 watafiti wa London na Göttingen walichapisha kipimo cha protini nane za damu walichokijaribu kwa watu 72 wenye tatizo la kuigiza ndoto zao usingizini, kwa kupiga ngumi na kupayuka, tatizo ambalo mara nyingi hutangulia Parkinson. Takribani asilimia 79 ya watu hao walikuwa na damu inayofanana na ya wagonjwa, na baadhi walitambuliwa hadi miaka saba kabla ya dalili za mwendo. Hata hivyo, waliokuwa wameshapata ugonjwa katika muda wa ufuatiliaji walikuwa 16 tu. Nafasi kati ya hesabu hizo mbili ndiyo uwanja wa mjadala huu.

Pingamizi la kwanza ni la dini, na katika mji kama Tabora, uliojengewa misikiti na wafanyabiashara wa misafara na ambao leo pia ni makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki, pingamizi hilo halipaswi kudharauliwa. Sura ya Luqman inahitimisha kwa kutaja mambo ambayo ujuzi wake ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, yakiwemo kile nafsi itakachokichuma kesho na ardhi itakayofia. Naye mwandishi wa Waraka wa Yakobo anawakemea wafanyabiashara wanaopanga faida ya mwaka ujao kana kwamba kesho ni mali yao, karipio ambalo lingewafaa sana matajiri wa pembe za ndovu wa Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe. Je, mpima damu haingilii ghaibu? Akifikiriwa kwa makini, haingilii, kwa kuwa protini anayoipima haiko kesho, iko leo. Imekwisha kubadilika, na kazi ya mpimaji ni kuifichua, kama vile picha ya mionzi inavyofichua ufa katika mfupa. Ghaibu inayozungumzwa na dini ni ile isiyo na njia ya kuifikia kwa ishara, na wanazuoni wengi wa sasa hawaoni kosa katika vipimo vya mimba vinavyoonyesha hali ya mtoto tumboni.

Hatari huanza pale mpimaji anapovuka kutoka kilichopo hadi kitakachokuwa, akageuza uwezekano kuwa hukumu. Mtu anayeambiwa kwamba damu yake inafanana na ya wagonjwa, bila kuambiwa ni wangapi wenye damu kama hiyo ambao bado wanatembea bila taabu, amepigiwa ramli kwa mashine. Na hapo mfumu wa zamani anamshinda mpimaji, kwani uaguzi wake, hata kama ulikosea kabisa chanzo cha ugonjwa, haukuishia katika kutaja: ulifuatwa na tambiko, dawa au mwiko, na ukoo mzima ukapata kazi ya kufanya. Huu si utetezi wa matumbo ya kuku. Ni kukumbusha kwamba jamii ya Wanyamwezi haikutenganisha kujua na kutenda, ilhali tiba ya kisasa imejifunza kuvitenganisha na bado haijui ifanye nini na pengo lililobaki kati yake.

Pengo hilo lina historia ndefu katika falsafa ya tiba. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alisema mwili una hali tatu: uzima, ugonjwa na hali isiyo hii wala ile. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyekuja karne nyingi baadaye, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Qanun, hakuona haja ya hiyo hali ya tatu, kwa sababu kwake mwili ama uko sawa katika kazi zake ama hauko sawa. Hoja ya Ibn Sina ina nguvu yake, lakini kipimo cha damu kinamrudisha Galen barazani. Mtu mwenye umri wa miaka 50 anayelima tumbaku yake Urambo, mkoani Tabora, anayepanda baiskeli na kurina asali, huku damu yake ikiwa na alama ya Parkinson, ni mzima kwa kazi za mwili wake na ni mgonjwa kwa hesabu za maabara. Kumwita mgonjwa ni kumnyang'anya miaka ambayo bado ni yake. Kumwita mzima ni kuficha jambo alilo na haki ya kulijua akitaka. Neno la mwisho ni hilo, akitaka: Azimio la UNESCO kuhusu jenomu ya binadamu la mwaka 1997 linatambua haki ya mtu kuamua kujulishwa au kutojulishwa matokeo ya vipimo vya vinasaba, na hakuna sababu ya msingi ya kuinyima damu haki viliyopewa vinasaba. Kweli, azimio hilo linamwona mtu kama mmoja, wakati katika familia nyingi za Tabora uamuzi wa tiba hufikiwa na ndugu waliokaa pamoja. Lakini ndugu wanaweza kusaidia kulibeba jibu bila kupewa mamlaka ya kulidai.

Mkoa wa Tabora una kipimo chake wenyewe cha hoja hii, nacho ni malale. Kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o wa misitu ya miombo, hukaa kwanza katika damu na baadaye huingia katika ubongo, ambako huvuruga usingizi, akili na mwendo. Hapa basi ulikuwapo ugonjwa wa ubongo ambao ishara yake huonekana katika tone la damu kabla ubongo haujaguswa, na kuuwahi kulikuwa na maana ya wazi: dawa ya suramini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, iliweza kumponya aliye katika hatua ya damu, wakati aliyechelewa alibaki na dawa za aseniki, kama melasoprolo ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ambayo yenyewe iliua sehemu ya waliotibiwa nayo. Kutafuta ishara mapema kulikuwa wajibu, maana kulibadilisha mwisho wa safari ya mgonjwa.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka maskani yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na waliohamishwa hawakuwa wagonjwa pekee. Waliacha mashamba na misitu yao kwa kuwa tu walikaa mahali ambapo ugonjwa ungeweza kuwafikia. Ujuzi wa ishara uligeuka mamlaka juu ya walio wazima. Yeyote anayetaka kupima damu za wakulima wa leo kwa ajili ya ugonjwa usioonekana aisome sura hiyo kwanza.

Tofauti kati ya malale na Parkinson ni moja, nayo ni nzito: hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia au kupunguza kasi ya kufa kwa seli za dopamini. Kinachoweza kufanyika ni kuwatuliza walioanza kuugua kwa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na ambayo kwa asili imo hata katika mbegu za upupu, ingawa kuzila bila kipimo ni hatari. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson katika watu zaidi ya 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walitetemeka mbele ya macho ya kila mtu, na hawakutambuliwa. Mahali ambapo ishara iliyo wazi haisomwi, fedha za kusoma ishara iliyofichika zina deni la kulipa kwanza. Hilo haliondoi thamani ya utafutaji wa viashiria, kwa sababu dawa ya kuzuia ugonjwa ikipatikana, wa kupewa lazima watambuliwe mapema, na damu za Waafrika zisipokuwa katika utafiti leo, kipimo cha kesho hakitawasoma sawasawa.

Kwa hiyo mtafiti atakayefika Tabora na sindano yake aanze na wale ambao mikono yao tayari inatetemeka, ahakikishe levodopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, inafika katika zahanati zao, na kabla ya kuchukua damu ya aliye mzima amweleze kwa Kiswahili atafanya nini na jibu litakalotoka, na nani atarudi kumwona.