Tuketi Barazani na Majirani Zetu



Wewe uliyejiunga na Jumuiya juzi, na wewe ambaye ungali mlangoni ukichungulia, nawaombeni tutafakari jambo moja.

Katika Usukuma, tangu zama za wazee wetu, shauri linalowagusa wote huamuliwa katika dagashida, yaani mkutano wa hadhara wa kijiji. Mtu husema lililomo moyoni mwake, nao wenziwe humsikiliza. Watu wa Lagangabilili na Itilima yote hawahitaji kufundishwa haya na mgeni. Basi ni ajabu iliyoje kwamba mambo ya ng'ombe twayapeleka barazani, bali mambo ya Mwenyezi Mungu twayasema pembeni kwa kunong'ona na kudharauliana!

Mwezi Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, Waislamu na Wakristo waligombana juu ya nani achinje mnyama wa kuuzwa buchani. Ugomvi ule ulipoteza maisha ya mchungaji mmoja. Damu ya mwanadamu ilimwagika kwa sababu ya damu ya mnyama! Nasi Waislamu tusijifiche nyuma ya makosa ya wengine. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na chakula chetu kwao. Aya ile haikuteremshwa kwa watu wasio na majirani. Tena Sura Al-An'am yatukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu pasipo kujua.

Pengine utauliza: Je, si mijadala ya hadhara yenyewe iliyoleta matusi? Naam, mingi imeyaleta. Wengi wenu mmehudhuria mihadhara ya viwanjani, ambamo msemaji hukifungua kitabu cha mwenziwe ili amfedheheshe tu, wasikilizaji hupiga makelele, na kila kundi hurudi nyumbani na chuki zaidi. (Nakiri kwamba hata baadhi yetu hufurahia makelele yale.) Hayo ni mapigano ya mafahali, wala si mazungumzo.

Lakini iko njia nyingine. Mwezi Desemba 1896 ulifanyika mjini Lahore mkutano mkubwa wa dini. Wahindu, Masingasinga, Wakristo na Waislamu walipewa maswali 5, kila msemaji ayajibu kwa mafundisho ya dini yake, bila kuzishambulia dini za wengine. Hotuba ya Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., ilisomwa na Maulvi Abdul Karim r.a. Muda ulipokwisha nayo haijamalizika, siku moja zaidi iliongezwa ili watu waisikie yote. Hakumtukana yeyote, na waliotaka kumsikia zaidi hawakuwa Waislamu peke yao.

Hata katika siku za mwisho za maisha yake, mwezi Mei 1908, aliandika ujumbe wa amani kwa Wahindu na Waislamu. Alipendekeza waandikiane mkataba: Waislamu wawaheshimu watakatifu wa Wahindu, na Wahindu wamheshimu Mtume Mtukufu s.a.w.; upande utakaovunja ahadi ulipe faini isiyopungua rupia laki 3. Alifariki tarehe 26 ya mwezi ule, na ujumbe ukasomwa Lahore mwezi Juni.

Basi, ndugu uliye Lagangabilili, ukitaka kuitisha baraza la namna hii, mwendee kwanza mchungaji nyumbani kwake, kisha wazee wanaoshika mila za mababu. Waombe wao ndio wachague swali, nao ndio watangulie kusema. Mtume Mtukufu s.a.w. alipowapokea Wakristo wa Najran mjini Madina, na wakati wao wa kusali ukafika, aliwaruhusu wasali ndani ya msikiti wake. Nanyi wageni wenu wakitaka kuomba kwa desturi yao, waonyesheni mahali penye kivuli kizuri, na mwatekee maji.