Je, Kumtembelea Mfungwa ni Kumtetea?

Somo: Mathayo 25:31-46, Luka 19:1-10



Ilinichukua miezi minane kwenda kumwona ndugu yetu aliye gerezani. Sitamtaja jina, ingawa wengi wenu mnamjua. Alikuwa mhazini wa chama, akala pesa za watu, akakiri kortini, akafungwa.

Miezi hiyo yote nilikuwa na sababu. Mimi nilisomea biashara, na kichwa changu hupiga hesabu hata nikiwa nimepiga magoti. Upande mmoja niliweka safari ya siku nzima na mtu mmoja wa kuona. Upande wa pili niliweka watu kumi na wanane waliopoteza akiba yao, ambao nawatazama usoni kila Jumapili. Nikienda, watasema kanisa limeshika upande wa mwizi. Hesabu ikakataa, nami nikabaki nyumbani.

Kilichonitoa ni Mathayo 25. Bwana anapomtaja mfungwa, haulizi kesi yake ni gani. Hasemi twende kwa yule aliyesingiziwa tu.

Basi nikaenda. Getini niliacha simu, nikaonyesha kitambulisho, nikaandika jina kitabuni, nikapekuliwa, halafu nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama waliobeba watoto mgongoni. Mama mmoja alirudishiwa chapati zake, kwa sababu chakula cha nyumbani hakiruhusiwi pale. Alizifunga tena, akampa mtoto moja, na mimi akanipa moja. Tulingoja saa mbili. Tulipoitwa, tulipewa dakika chache tu, wavu uko katikati, na wageni kushoto na kulia wanapaza sauti ili wasikike.

Nilikuwa nimetayarisha neno la toba lenye pointi tatu. Hata moja sikufikia. Ndugu yetu aliniuliza, "Pasta, mama yangu bado anakaa pale dirishani?"

Wapendwa, mama yake aliacha kuja kanisani muda mfupi baada ya hukumu, na mimi sikuwa nimeenda kuuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi nenda kwake kabla hujarudi kwangu." Askari akatangaza muda umeisha.

Jumapili iliyofuata nilisema madhabahuni mahali nilikotoka. Baada ya ibada, dada mmoja aliyepoteza karo ya mtoto wake kwenye kile chama akanishika mkono. "Pasta, umeenda kumwona aliyenila. Mimi uliniona lini?"

Sikuwa na jibu. Miezi minane nilijiambia kwamba siendi gerezani kwa ajili ya walioibiwa, kumbe hata wao sikuwa nimewatembelea. Nilikuwa nalinda jina langu.

Sasa turudi kwa swali letu. Wako wanaosema kwamba mateso ya gerezani ni sehemu ya malipo, kwa hivyo tumwache ayaonje. Lakini hakimu alimhukumu miaka, hakumhukumu kusahauliwa. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 51, inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, ila zile ambazo ni wazi haziwezi kwenda pamoja na kufungwa. Ikiwa sheria ya nchi bado inamhesabu kuwa mtu, kanisa litamhesabu kuwa nini?

Tena, kumtembelea si kumsamehe kwa niaba ya wengine. Mimi siwezi kufuta deni ambalo si langu. Karo ile haikuwa yangu, na sina ruhusa ya kusema yamekwisha.

Tazameni Zakayo. Yesu alipoingia nyumbani kwake, watu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kuumia, maana ni wao waliotozwa kupita kiasi. Lakini angalieni mpangilio. Zakayo hakulipa kwanza ndipo akatembelewa. Alitembelewa, kisha akasimama akaahidi kurudisha mara nne. Mtu ambaye hakuna anayemjali, atamlipa nani, na kwa sababu gani? Tukimtenga aliyeiba, hata aliyeibiwa anakosa.

Nimeshaenda kwa mama yake. Nimeshaenda pia kwa yule dada. Hajasamehe, na sikumsukuma. Alinituma swali moja tu: ataanza kulipa lini? Nitalibeba vile vile, bila kulilainisha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutatoka makundi mawili. La kwanza litaenda gerezani. La pili litaenda kwenye nyumba za waliopoteza pesa. Chagua lililo gumu kwako. Wa gerezani, beba kitambulisho chenyewe, si kopi. Vaa kwa heshima. Ujue jina kamili la unayemwona. Usibebe chakula wala chochote cha kupenyeza. Ukitaka kumwachia kitu, muulize afisa getini, maana sheria za gereza hili si lazima ziwe za lile. Na usiende na mahubiri marefu. Dakika ni chache, na huenda yeye ndiye mwenye neno.

Bwana awabariki.