Aibu ya Nani? Sitara ya Marehemu na Maisha ya Dorothy Dandridge

Adabu ya kumsitiri marehemu huanzia kwenye kuoshwa kwake. Mwoshaji hufunga mlango, huufunika mwili kwa shuka tangu kitovu hadi magotini, kisha hupitisha chini ya shuka mkono uliovishwa kitambaa. Akiona kovu au kasoro, habari yake haitoki nje ya chumba kile. Sasa itazame filamu ya televisheni Introducing Dorothy Dandridge, iliyorushwa na HBO mwaka 1999, Martha Coolidge akiiongoza na Halle Berry akiwa mhusika mkuu. Humo tunaonyeshwa mateso ya utotoni ya mwanamke aliyekwisha kuzikwa, ndoa zake zilizovunjika, mapenzi yake ya siri na mwongozaji Otto Preminger aliyekuwa mume wa mtu, deni lake na upweke wake. Je, huku si kuivuta shuka mbele ya umati? Swali hili ni zito, na halijibiki kwa kusema kwamba filamu ni burudani tu. Jibu langu ni kwamba sitara si sawa na kimya, na kwamba mtu aliyedhulumiwa husitiriwa vizuri zaidi pale aibu inaporudishwa kwa mwenyewe.

Dandridge alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1922, akaanza kuimba jukwaani akiwa mtoto pamoja na dada yake. Kwa kuigiza katika Carmen Jones ya mwaka 1954 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Grace Kelly ndiye aliyeshinda. Baada ya hapo milango iliyodhaniwa imefunguka ikabaki nusu wazi: alitakiwa acheze mtumwa katika The King and I, akakataa, na nafasi zenye heshima zikawa haba. Mwaka 1963 alifilisika, na Septemba 1965 akafariki akiwa na miaka 42. Ukiyasimulia maisha haya kwa kutaja sifa peke yake, utakuwa umeficha pia mikono iliyomwangusha.

Hapo ndipo tunapopaswa kutenganisha mambo mawili. Kusengenya ni kutoa aibu ya mtu ili ashuke machoni pa watu. Kutoa ushahidi ni kueleza alichotendewa ili dhuluma ijulikane. Wanazuoni wa Kiislamu hawakuyachanganya. Imam Nawawi, pamoja na ukali wake dhidi ya usengenyaji, alitaja hali sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwapo, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa anayeshitaki dhuluma yake. Biblia nayo haikuuficha mkasa wa Daudi na mke wa Uria, ingawa Daudi alikuwa mfalme na kipenzi cha taifa. Ulisimuliwa wote, na nabii Nathani alipokuja kulaumu alimlaumu mfalme. Yule mwanamke hakulaumiwa. Kanuni ni ileile katika mapokeo yote mawili: kabla ya kuuliza kama siri imetolewa, uliza aibu imeangukia wapi.

Bora zaidi, Dandridge mwenyewe alituachia mfano wa tofauti hii. Jarida la Confidential lilipochapa uvumi kwamba alikutana kimapenzi na mwanamuziki Mzungu huko Lake Tahoe, alidai haki yake na kulipwa fidia ya dola 10,000. Mwaka 1957 akapanda kizimbani Los Angeles kutoa ushahidi katika kesi ya jarida hilo. Hakuishia kukana. Alieleza kuwa kwa ubaguzi uliokuwako Lake Tahoe wakati ule, watu weusi hawakuwa na uhuru wa kutembea wapendavyo. Tazama alivyogeuza shauri: jarida lilitaka kumuaibisha yeye, naye kwa maneno machache akaiaibisha jamii iliyomwajiri aimbe na kumnyima uhuru wa kutoka nje. Huyu hakuwa mtu aliyeogopa habari zake zisimuliwe. Alichokataa ni uongo. Tena kabla ya kufa alikuwa amesimulia maisha yake kwa mwandishi, na kitabu kikatoka mwaka 1970.

Wapo watakaosema: marehemu hawezi kujibu, na filamu hii imejengwa juu ya kitabu cha Earl Mills, aliyekuwa meneja wake. Kwa hiyo tunamwona kwa macho ya mwanamume aliyefanya naye kazi. Hoja hii ina nguvu, na madhara yake yanaonekana: mara nyingi filamu humfanya mwanamke huyu aonekane kama mtu aliyeponzwa na mapenzi, wakati ukuta wa ubaguzi kazini ndio uliombana zaidi. Kuna pia lile tukio linalokumbukwa na wengi, anapochovya kidole cha mguu katika bwawa la kuogelea la hoteli moja ya Las Vegas, kisha bwawa likaondolewa maji yote na kusuguliwa. Ni picha kali, lakini mbele ya mizani ya ukweli naona ushahidi wa kizimbani ni mzito kuliko bwawa, kwa kuwa ule aliutoa mwenyewe chini ya kiapo. Hata hivyo, kasoro hizi zinatudai usimulizi ulio sahihi zaidi. Hazituamuru tunyamaze.

Pingamizi gumu kuliko yote linamhusu binti yake, aliyezaliwa mwaka 1943 akiwa na ubongo ulioathirika, asiweze kusema. Mama alitoa ushahidi kwa ulimi wake. Mtoto hakuwa na ulimi wa kukubali wala kukataa. Hapa nakiri kwamba sitara ina neno la mwisho. Filamu ina haki ya kutuonyesha uchungu wa mama aliyelazimika kumpeleka mwanawe kulelewa na wengine, lakini haina haki ya kumtumia mtoto huyo ili kututoa machozi tu. Kila dakika anayoonekana lazima iwe inaeleza jambo ambalo bila yeye lisingeeleweka.

Katika Carmen Jones nyimbo za Dandridge ziliimbwa na Marilyn Horne, Mzungu wa miaka 20, kwa kuwa zilihitaji sauti ya opera; Dandridge, naye mwimbaji, alifikia kilele chake akiwa na sauti ya kuazima. Anayeigiza maisha yake leo anamwazima sauti kwa mara nyingine, na kitu cha kuazimwa ni amana. Machi 2002 Halle Berry alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike, alilitaja jina la Dandridge jukwaani. Jina lililozikwa na aibu lilitamkwa kwa heshima. Basi nawe ukikaa kutazama filamu ya maisha ya marehemu yeyote, shika swali moja mpaka mwisho: aibu wameiacha kwa nani? Wakiiacha kwa aliyedhulumiwa, izime. Wakimrudishia dhalimu, itazame yote, maana hiyo nayo ni shuka ya kumsitiri.