Je, Unaweza Kumkosea Mtu Ambaye Hajazaliwa?

Swali la wiki hii lilitoka kwa akina mama: mtoto akizaliwa na shida, kwani ni nani aliyekosa? Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo katika Yohana 9, na Yesu akakataa kuwatwika wazazi lawama. Lakini sisi bado tunatafuta laana kwa ukoo wa mama.

Tuangalie Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa. Kuanzia 2007 hadi 2014 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, yale madini mazito (ndiyo, jina ni moja na ile ya bunduki). Moshi uliingia manyumbani. Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale, mtoto wake alipimwa akakutwa na risasi mwilini. Akina mama wa mtaa walisimulia mimba zilizoharibika. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatupwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Sasa sikia vile risasi hufanya. Mwili huichukua kama kalsiamu na kuiweka kwa mifupa, nayo hukaa humo hata miaka 20 na zaidi. Mama akishika mimba, mifupa yake huachilia kalsiamu ili mtoto ajengeke, na risasi hutoka nayo. Hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, na ubongo unaoanza tu kukua ndio huumia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hivyo msichana aliyevuta moshi ule akiwa na miaka 10 anaweza kumpa mwanawe risasi ile leo, na kiwanda kilishafungwa. Huyo mama alikosa wapi?

Mtu ataniambia: aliyeyeyusha betri hakumjua huyo mtoto. Utamkosea vipi mtu ambaye hayupo? Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kando ya dari, mtu asianguke akamletea hatia ya damu. Ni nani huyo ataanguka? Hajulikani. Pengine hajazaliwa. Sheria haiulizi kama mjenzi alikuwa na chuki na mtu. Deni liko tayari siku ile ya kujenga.

Mimi siwezi kumweka kijana anayechoma waya apate shaba, ale, kwenye mzani mmoja na tajiri anayejua na bado anaendelea. Mke wa huyo kijana, tena mjamzito, pengine analala kando ya moshi huo huo. Lakini na sisi wenye betri na TV za zamani tumo. Vioo vya zile TV nzito vina risasi.

Mtoto akichelewa kuongea, tutaomba, na pia apelekwe hospitali. Usimwambie mamake ana roho ya ukoo.

Kamati ya ujenzi inataka kumuuzia mtu wa skrapu zile betri za sola zilizokufa, pesa iende kwa mabati. Nimesema zisitoke stoo hadi mnunuzi atuonyeshe zinakopelekwa. Wengine hawajafurahi, manake bei ya yule wa mkokoteni ni nzuri. Jumatano tutalizungumza baada ya maombi.